Tutengeneze Wenyewe Nyundo ya Kupigia Vigingi Ndani ya Mawe



Katika gazeti hili nimezoea kuwaandikia juu ya kahawa: namna ya kukata matawi, namna ya kuchuma matunda mekundu peke yake, namna ya kuosha na kuanika. Leo nataka kuongea juu ya chuma. Najua wengine watasema: «Huyu agronomu ameacha shamba, anaingia kazi ya garaji.» Naomba munisikilize mpaka mwisho. Nina deni moja kwa wakulima, na deni hilo linaanzia kwenye kigingi.

Ilikuwa mwezi wa 11, katikati ya mvua na katikati ya mavuno. Koperative moja ya miguuni mwa Ruwenzori ilikuwa imepokea vyombo vya kuanikia kahawa kutoka kwa mradi: meza za wavu, bache za kufunika, kamba, na mfuko wa vigingi vya chuma, wale tunaowaita piketi. Mimi ndiye niliyetumwa kuangalia kama kazi imefanywa vizuri na kutia sahihi. Vigingi vilikuwa vyembamba kama kidole na urefu wake kama mkono mpaka kiwiko. Vijana walipiga nyundo. Kigingi cha kwanza kiliingia nusu, kikakuta jiwe, kikapinda. Cha pili vilevile. Mama mmoja mzee, mwenye kusimamia meza, akaniambia: «Agronomu, hizi piketi zimekatazwa na mawe yetu.» Nikamjibu zitashika tu, tuzifunge vile zilivyo. Nikatia sahihi, nikapanda moto, nikarudi Butembo.

Siku ya tisa ya kuanika, jioni, upepo ulishuka kutoka mlimani mbele ya mvua. Bache mbili zilinyanyuka pamoja na vigingi vyake. Moja tuliikuta ndani ya mihogo ya jirani. Kahawa ilinyeshewa usiku kucha, na asubuhi ilikuwa imeanza kuvimba. Waliikausha tena, lakini kahawa iliyokauka nusu na kulowa tena inashika ukungu na harufu, hata uiweke jua namna gani. Walioionja waliikataa. Ile kahawa iliuzwa kwa mnunuzi wa njiani kwa bei ya kahawa ya kawaida, na hapo ndipo minervali ya watoto wa sekondari ilipopotelea.

Yule mama hakunitukana. Aliniambia tu: «Wewe ulituambia tufunge pale. Mawe ulikuwa unayaona.»

Ndiyo sababu naandika leo. Maoni yangu ni haya: kigingi kinachofaa udongo wetu, na chombo cha kukipigia, tusivingoje kutoka mbali. Tunaweza kuvitengeneza hapahapa, kwa fundi wa kusudere wa Butembo, wa Beni au wa Mutwanga, kwa bei ambayo kwetu haikufika bei ya mbuzi mmoja.

Kwa nini mawe yanatushinda

Sisi wote tunasema «udongo wa kwetu» kana kwamba ni mmoja. Siyo kweli. Karibu na Butembo na sehemu nyingi za Lubero kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi wenye kina kirefu. Pale hata kigingi cha mti wa kalitusi kinashika vizuri, na nisingemwambia mtu apoteze chuma chake. Lakini ukishuka kwenda Mutwanga, Lume, Bulongo, mambo yanageuka. Ruwenzori ina urefu wa mita 5109, na mito inayotoka huko imeteremsha mawe tangu zamani za wazee wa wazee wetu. Chini ya jembe moja la udongo mweusi unakuta mawe ya mto, ya mviringo, yamekaa moja juu ya lingine. Kwenye migongo ya vilima vya Kyondo nako unakuta changarawe ngumu karibu kabisa na juu.

Kigingi chembamba kikigusa jiwe la namna ile kinafanya moja kati ya mambo mawili: kinapinda, au kinateleza pembeni na kuacha shimo pana kuliko chenyewe. Kwa macho kimeingia. Kwa kweli kimesimama tu, hakikushikwa na kitu.

Sasa tupige hesabu ya upepo. Bache ya mita 4 kwa 6, ile ambayo wengi wetu tunaijua tangu wakati wa wakimbizi, ina eneo la mita 24 za mraba. Upepo wa kilometa 70 kwa saa ukiingia chini yake unaweza kuisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 450. Ukiwa na kamba 8, utasema kila kamba inabeba kilo 56 hivi. Lakini upepo haugawi kazi kwa haki. Kamba mbili za upande wa mlima zinapokea karibu yote, na kigingi kimoja kikitoka, kazi yake inahamia kwa jirani yake, naye anatoka. Ndivyo bache nzima inavyoondoka kwa dakika moja.

Nyundo ya kawaida ina kasoro gani

Wengine wataniambia: «Nyundo kubwa iko, tupige kwa nguvu.» Nimeona mwisho wa maneno hayo. Kijana mmoja anashika kigingi kwa mikono miwili, mwingine anapiga na nyundo ya kilo 5. Pigo la kumi linampata kwa mkono. Nilikuwepo siku kidole cha kijana kilipovunjika, na kutoka pale mpaka kituo cha afya ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa moto.

Hata kama hakuna anayeumia, nyundo ya kuzungusha inapiga kichwa cha kigingi pembeni. Mkono ukichoka, pigo linakwenda kushoto, linakwenda kulia. Ndani ya udongo laini si neno. Ndani ya mawe, kila pigo la pembeni linapinda chuma na kupanua shimo. Tunachohitaji ni pigo zito linaloshuka sawasawa juu ya kichwa cha kigingi, bila mtu kukishika. Chombo cha namna hiyo ni cha zamani, wapimaji wa udongo wa barabara wanatumia kinachofanana nacho. Sisi tuliita nyundo ya kuteleza.

Namna ya kuitengeneza

Mchukulie fundi wenu gazeti hili, amsomee msaidizi wake. Sehemu ni tano.

1. Fimbo. Chuma cha mviringo, kizima, cha milimita 25 mpaka 30, urefu mita 1. Wengi watataka kukata ekseli ya gari la kuukuu. Mimi nawashauri chuma laini cha kawaida. Chuma kigumu cha gari kinapasuka karibu na mahali kiliposuderiwa, kama fundi hakukipasha moto kwanza na kukiacha kipoe polepole.

2. Fuawe. Kipande cha chuma cha mviringo, unene sentimita 2, upana sentimita 8, kinasuderiwa mwisho wa chini wa fimbo. Uzito utapiga hapa. Pembeni yake muweke sikio la chuma lenye tundu. Kazi ya sikio nitaieleza.

3. Kikombe. Kipande cha bomba la inchi 1, urefu sentimita 8, kinasuderiwa chini ya fuawe, katikati kabisa. Hiki ndicho kinachovaa kichwa cha kigingi kama kofia.

4. Uzito. Mukate bomba la inchi 3 na bomba la inchi 1 na robo, yote mawili urefu wa sentimita 30. Dogo liingie katikati ya kubwa. Nafasi inayobaki kati yao muijaze na vipande vya chuma cha kujengea, ile ferabeto ya milimita 16, vimesimama, vimebanana. Vinaingia vipande 10 hivi. Halafu mufunge juu na chini kwa vibati vinene vya sentimita 1 vyenye tundu la kupitisha fimbo. Msijaze mchanga wala simenti: itavunjikavunjika kwa mapigo. Pembeni musudere mikono miwili ya ferabeto, karibu na sehemu ya juu, ili vidole vikae mbali na fuawe. Uzito huu unafika karibu kilo 10, na chombo kizima karibu kilo 15.

5. Kizuizi. Baada ya kuingiza uzito ndani ya fimbo, musudere kipande kinene juu kabisa, ili uzito usitoke.

Vigingi vyenyewe ni ferabeto ya milimita 20, urefu sentimita 80. Ncha ifuliwe motoni iwe ya pembe nne, fupi na butu kidogo. Ncha ndefu kama sindano inapinda kwenye jiwe la kwanza. Pete ya kufungia kamba isuderiwe pembeni, sentimita 12 chini ya kichwa, ili kikombe kisiigonge.

Fundi mwenye mashine ya kusudere na mawe ya kukatia anamaliza kazi hii kwa siku moja. Umeme siyo tena sababu ya kukataa kila mahali: Mutwanga kuna umeme wa maji tangu 2013, na penye umeme mafundi wanakuja. Penye hakuna, jenereta ya saa chache inatosha.

Namna ya kuitumia

Kwanza fungua njia kwa mtaimbo. Pigia mtaimbo sentimita 20 mpaka 30, uuzungushe, uutoe. Hapo utajua kama chini kuna udongo, kuna changarawe au kuna jiwe zima. Simamisha kigingi ndani ya tundu, kichwa kikilala kidogo upande wa nyuma, mbali na meza, mpaka kamba na kigingi vifanye pembe kama ya ukuta wa nyumba. Mvalishe kikombe. Mtu mmoja anyanyue uzito kwa mikono miwili, nusu mita inatosha, auachie ushuke wenyewe. Usiusukume. Uzito unajua kazi yake.

Sikiliza sauti. Ndani ya udongo inalia kwa chini, na kigingi kinashuka kila pigo. Ukigusa jiwe, sauti inapanda juu na uzito unaruka mikononi. Piga mara tano zaidi. Kama kigingi hakikushuka hata upana wa kidole, acha. Usishindane na jiwe. Kitoe, usogee mkono mmoja pembeni, uanze tena. Katika mawe ya mto, mara nyingi nafasi iko hapo hapo kando.

Na kukitoa ni rahisi, hapa ndipo sikio linaingia kazini. Pitisha mnyororo mfupi kwenye sikio la fuawe na kwenye pete ya kigingi, halafu vuta uzito juu kwa nguvu ugonge kizuizi. Pigo linageuka, linakwenda juu. Mapigo machache, kigingi kinalegea.

Kila kigingi kijaribiwe kabla ya kufunga bache: watu wawili wazima wavute kamba kwa nguvu yao yote. Kikitikisika, hakifai. Upande unaopokea upepo, weka vigingi viwili kimoja nyuma ya kingine, ufunge kamba kutoka kichwa cha kile cha mbele mpaka mguu wa kile cha nyuma. Hivyo vinasaidiana. Na mahali ambapo jiwe zima liko chini ya nusu ya jembe, chuma hakina kazi. Tafuta kando mahali penye kina, uchimbe shimo la nusu mita, ulaze gogo la urefu wa mita 1 lililofungwa kamba katikati, ufukie, upange mawe juu. Yale mawe yaliyotushinda yatufanyie kazi.

Maneno mawili ya usalama. Uliza kwanza bomba la maji ya kijiji linapita wapi, kwa sababu mengi hayakuzikwa chini sana. Na mahali palipopiganiwa, usipige chuma ardhini kabla ya kuuliza wakubwa wa mahali kama pako salama.

Wanaopinga wanasema nini

Wa kwanza anasema: «Mradi utatuletea.» Ndugu yangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Orodha ya vifaa inaandikwa na mtu mwema aliyeketi ofisini, na anachokijua ni udongo wa picha. Kigingi chake ni kizuri mahali kilipotengenezewa. Mawe ya Lume hayakuulizwa.

Wa pili anasema: «Chuma kitaibiwa, kitauzwa kama vyuma vya kuukuu.» Hiyo ni kweli, nimeiona. Lakini ndiyo faida ya chombo kinachotoa kigingi kama kinavyokiingiza. Msimu ukiisha, vigingi vyote vinang'olewa, vinahesabiwa, vinaingia depo. Muvipige namba. Mtunza depo awe na daftari: nani amechukua, lini, amerudisha ngapi.

Wa tatu ndiye ananigusa zaidi. Ni mama wa upande wa Beni ambaye familia yake imekimbia zaidi ya mara moja. Aliniuliza: «Agronomu, kwa nini nipige kitu kwa nguvu ndani ya ardhi, wakati kesho naweza kukimbia?» Sikuwa na jibu siku ile. Leo naweza kumwambia kidogo tu: kitu kilichoshikwa vizuri si lazima kiwe kitu cha kuachwa. Meza za kuanikia zikikaa kwenye eneo wazi la kijiji, penye watu wengi, na vigingi vyake vikiweza kutolewa asubuhi moja, koperative inaweza kuhamisha kituo chake kizima kwa moto chache. Hii haiondoi vita. Inapunguza vitu ambavyo vita inatunyang'anya.

Wa nne anasema kazi hii ni ya wanaume. Nimeona bamama wawili wakipokezana uzito ule na kumaliza vigingi vinane kabla ya jua kuwa kali. Kilo 10 ni chini ya nusu ya ndoo ya lita 20 ya maji wanayobeba kila siku. Kwa kuwa wao ndio wenye kugeuza kahawa juu ya meza, ni haki wawe na chombo wanachoweza kutumia bila kungoja kijana arudi kutoka safari.

Kahawa siyo peke yake

Nimeongea kahawa kwa sababu ndiyo iliyoniuma. Kawa Kanzururu na wengine wa Ruwenzori wameonyesha kwamba kahawa yetu, ikioshwa na kukaushwa vizuri juu ya meza, inaweza kwenda sokoni kwa jina lake, badala ya kuvuka Kasindi bila jina. Lakini ubora wote huo unakaa chini ya bache, na bache inakaa juu ya kigingi. Kahawa inapaswa kushuka mpaka unyevu wa asilimia 11 au 12. Usiku mmoja wa mvua unaharibu kazi ya wiki.

Wenye kakao wa Beni nao wanaanika na kufunika. Wenye maracuja wanahitaji kushikilia nguzo za mwisho za waya, ambazo ndizo zinazovutwa na mzigo wote wa matunda. Wenye kitalu wanahitaji kivuli kisichoruka. Mwenye mbuzi anahitaji kigingi kisichong'olewa usiku. Nyundo moja inaweza kuzunguka kati ya hawa wote, mradi ina mwenyewe na ina daftari.

Ninachoomba

Kwa koperative naomba hivi. Katika mkutano wenu ujao mkuu, muweke jambo hili kwenye orodha. Kila kituo cha kuoshea kahawa kiwe na nyundo moja na vigingi vyake. Gharama ikatwe kidogokidogo kwenye malipo ya kahawa, iandikwe wazi, isomwe mbele ya wanamemba. Kitu ambacho kila mtu amechangia kinatunzwa kuliko kitu kilichoshuka kutoka kwenye gari.

Kwa shirika linalochapisha gazeti hili, na kwa wafadhili wengine, nasema kwa heshima, kwa sababu ninakula kwenye meza hiyo hiyo. Mkileta bache, leteni. Bache hatuwezi kuitengeneza Butembo. Lakini fedha ya vigingi na nyundo iacheni hapa, iende kwa fundi wa hapa, ambaye kesho kigingi kikikatika atakirekebisha. Kabla ya kununua vigingi 500, pigeni 5 mahali penyewe. Na mtu kama mimi asiruhusiwe kutia sahihi mpaka watu wawili wamevuta kila kamba mbele yake.

Kwa wenzangu maagronomu, hasa vijana wanaotoka shuleni sasa: chuoni tulijifunza kupima udongo kwa asidi na kwa mbolea. Hakuna aliyetufundisha kuupima kwa mtaimbo. Mkulima akikwambia «mawe yetu yamekataa», hilo nalo ni jibu la maabara. Liandike.

Nilirudi kwa yule mama msimu uliofuata, tukiwa na nyundo ya kwanza. Ilikuwa mbaya kwa macho, kikombe kilikuwa kimesuderiwa kidogo upande, tukairudisha kwa fundi mara mbili. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama kila kigingi kinavyoingia. Tulipomaliza, yeye mwenyewe alishika kamba ya upande wa mlima, akamwita mtoto wake, wakaivuta wote wawili mpaka miguu ikateleza. Kigingi hakikusogea. Hakunipongeza. Alisema: «Sasa tungoje upepo.»

Upepo ulikuja, kama kawaida yake. Bache moja ilipasuka kwenye pembe, kwa sababu tundu lake la kamba lilikuwa limechakaa. Vigingi vyote vilibaki ndani ya mawe. Kahawa ilifunikwa kwa bache nyingine kabla ya mvua kuingia. Kwa hiyo shida yetu inayofuata ni namna ya kutia nguvu kwenye pembe za bache. Nikipata jibu nitawaandikia. Na kama kuna koperative kati yenu, Musienene au Kyondo au popote, ambayo tayari imepata njia yake, au imetengeneza nyundo iliyo bora kuliko hii yetu, tumeni mchoro wake kwa ofisi ya gazeti. Tutauchapisha, na mimi nitakuwa wa kwanza kuupeleka kwa fundi.